Uzi maalumu: Waandishi wa vitabu vya watoto wa Arusha na Moshi, wakala yupi anakufaa na wakati gani humhitaji kabisa

MamaHadithi

Wakuu habari za jioni.

Swali hili linajirudia kila waandishi wa huku kaskazini wanapokutana: nimemaliza kitabu cha watoto, nampata wapi wakala wa kunitafutia mchapishaji? Nimelijibu sana kwenye simu na kwenye vikao vya chai pale mjini, sasa naliandika hapa likae mahali pamoja. Mwenye la kupinga apinge, uzi ni wa wote.

Naanza na lisilopendwa. Kama unaandika kwa Kiswahili na unamlenga mtoto wa Tanzania, humhitaji wakala. Soko letu haliendi hivyo. Mkuki na Nyota, E&D Vision na wenzao wa Dar unawasiliana nao mwenyewe, muswada unaenda kwa mhariri, akiupenda mnakaa mnajadili mkataba na mrabaha. Piga hesabu uone kwa nini mtu wa kati hana pa kukaa. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 6,000 na mrabaha wako ni 10%, yaani 600 kwa nakala. Wakala akichukua 15% yake anapata shilingi 90. Nani ataacha shughuli zake akimbizane na wachapishaji kwa shilingi 90? Ndiyo maana anayejitangaza hapa mjini kuwa wakala wa waandishi, halafu anataka laki mbili za "kufungua faili", biashara yake ni hizo laki mbili, si kitabu chako.

Wakala anaanza kuwa na maana pale unapoandika kwa Kiingereza (au una tafsiri iliyofanywa na mtu anayejua kazi) na unawataka wachapishaji wakubwa wa London au New York. Wengi wao hawafungui muswada ambao haukupitia kwa wakala, hata uwe mzuri vipi. Huko wakala anasoma kazi yako, anakurudisha kuirekebisha, anajua mhariri gani wa kampuni gani ya uchapishaji anatafuta nini mwaka huu, anavutana kwenye mkataba, kisha anafuatilia hela. Naye analipwa pale wewe unapolipwa. Kawaida ni 15% kwa mauzo ya nchini kwake, na 20% kitabu kikiuzwa nchi nyingine. Hakuna ada ya kusoma, hakuna ada ya kujiandikisha. Waingereza wana chama chao, Association of Authors' Agents, tangu 1974, na Wamarekani wana Association of American Literary Agents. Vyote viwili haviruhusu mwanachama kumtoza mwandishi ada ya kumsomea muswada.

Sasa nani anakufaa? Hapa ndipo watu wanapokosea sana, maana wanatafuta wakala "mkubwa" badala ya wakala wa aina ya kitabu chao. Maandishi ya kitabu cha picha ni kurasa 32 na maneno yasiyozidi 500 hivi. Hadithi ya mtoto anayeanza kujisomea mwenyewe inakwenda maneno 5,000 hadi 10,000. Ya wa miaka 8 hadi 12 ni 30,000 hadi 50,000. Wapo mawakala wanaochukua hayo yote, lakini wengi wamejikita sehemu moja au mbili, na kwenye tovuti zao wameandika waziwazi. Ukimpelekea kitabu cha picha mtu anayeuza riwaya za vijana umepoteza siku yako na yake.

Njia ninayoiamini ni kuanzia kwenye vitabu. Tafuta vitabu vya karibuni vinavyofanana na chako kwa umri na kwa mwelekeo. Vya hadithi ndefu, soma ukurasa wa shukrani, mwandishi karibu lazima amtaje wakala wake. Vya picha mara nyingi havina shukrani, kwa hiyo unaingia kwenye tovuti ya mwandishi kutafuta anawakilishwa na nani. Angalia mwaka wa toleo. Vile vya mitumba ni vizuri kwa kujifunza uandishi, ila wakala aliyetajwa kwenye kitabu cha 1998 huenda ameshastaafu. Ukishapata majina, yapitishe kwenye tovuti ya QueryTracker uone kama wanapokea kazi kwa sasa, na kwenye ile ya Manuscript Wish List usome wenyewe wanasema wanatamani kupata nini. Kuna pia SCBWI, chama cha waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto kilichoanzishwa 1971 kule Los Angeles. Kina wanachama nchi nyingi, na sisi hatujakatazwa.

Barua ya kumwomba wakala nayo. Ukurasa mmoja, usizidi. Kwa nini umemchagua yeye, jina la kitabu, umri wa msomaji, idadi ya maneno, hadithi yenyewe kwa aya moja, kisha wewe ni nani. Waandishi wetu wanaharibu kwenye aya ya hadithi. Wanaandika: "Kitabu changu kinawafundisha watoto umuhimu wa kutunza vyanzo vya maji." Hiyo ni ripoti ya semina. Hadithi ile ile niliwahi kuiona imeandikwa hivi: "Zamu ya babu ya maji ya mfongo ni alfajiri ya Jumatano. Babu anaumwa, na wasipofungulia maji watangoja wiki nzima wakati migomba imeshaanza kunyauka. Kwenye banio, juu kule msituni, binti wa miaka 8 hajawahi kufika peke yake." Wakala aliyeko London hajui mfongo (mfereji wa asili wa maji kwa Wachagga) ni nini, lakini anataka kujua huyo mtoto atafika au hatafika.

Na tafadhali, usiandike kwamba watoto wako wamekipenda. Watoto wako wanakula kwako.

Kila wakala ana masharti yake ya kutuma, yasome neno kwa neno. Waingereza wengi wanataka barua, muhtasari na sura tatu za mwanzo. Wamarekani wengi wanataka kurasa zibandikwe ndani ya barua pepe au kwenye fomu, ukiambatanisha faili hawalifungui. Kitabu cha picha unatuma maandishi yote, na uwe na miswada mingine miwili au mitatu iliyokamilika kabatini, kwa sababu akiupenda wa kwanza swali lake la pili ni "una nini kingine?"

Karibuni.

Chalii wa Kijenge

Shikamoo mama. Nina stori ya kitabu cha picha, na mshikaji wangu ameshaichora yote, kurasa zote 32, rangi kabisa. Natuma na picha zake au maandishi tu? Mwana amekesha na hii kazi.

MamaHadithi

Marahaba mwanangu. Maandishi tu. Huko mchapishaji ndiye anayemchagua mchoraji na kumlipa, na mara nyingi mwandishi na mchoraji hata hawakutani. Ukituma na picha unampa mhariri vitu viwili vya kuvikataa: anaweza kuipenda hadithi akasita kwa ajili ya picha. Mkiwa mnapeleka Dar ni habari nyingine, hapa kwetu wawili wanaokuja pamoja wanasikilizwa.

Mchora Katuni Njiro

Naongezea kwa upande wetu wachoraji, maana hili linatuumiza. Chalii, kama rafiki yako amechora kurasa 32 bila maandishi ya makubaliano, kaeni chini leo muandikishane. Picha ni zake, hakimiliki ni yake, hata kama stori ni yako.

Na huyo rafiki mwambie anaweza kutafuta wakala wake mwenyewe. Wapo wanaowakilisha wachoraji peke yao, anachohitaji ni mkoba wa kazi kwenye tovuti: watoto wakiwa kwenye mwendo, sura ile ile ya mhusika kwenye hali tofauti, mazingira. Anayeandika na kuchora mwenyewe anatengeneza dami, yaani kitabu kizima kwa michoro ya penseli na maandishi mahali pake, halafu kurasa mbili tatu tu ndizo anazimaliza kwa rangi. Hizo 32 zenye rangi ni jasho la bure, mhariri akisema badilisha hadithi unaanza upya.

Mwl wa Kiborloni

Mama nakuheshimu sana ila hapa sikubaliani. Hivi kwa nini tunahangaika na mawakala wa Ulaya? Mtoto wa darasa la pili hapa Kiborloni anashika kitabu cha hadithi kimoja wanakigombea watu sita. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ipo, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ilianza na riwaya na ushairi, washindi wa kwanza wakatangazwa 13 Aprili 2023, baadaye wakaongeza hadithi za watoto. Mshindi wa kwanza anapata milioni 10 na kazi inachapishwa. Hapo hakuna wakala, hakuna kamisheni, unaandika Kiswahili chako safi. Tena kitabu cha ziada kikipata ithibati ya Taasisi, mlango wa shule umefunguka.

Halafu nyie mnaoandika kwa ajili ya Wazungu mnaishia kuandika tembo na Mmasai na ukame. Samahani kama nimekwaza.

MamaHadithi

Hujanikwaza Mwalimu, na la tuzo nakuunga mkono, mwenye muswada wa Kiswahili aanzie huko. Hata la tembo nakubali nusu. Kuna mawakala wanaotaka Afrika ya kwenye kalenda, na hiyo ni sababu mojawapo ya kumkataa wakala hata akikukubali. Akikwambia "hadithi ya binti wa mfongo ni nzuri, ila tunaweza kuongeza simba?", muage kwa adabu.

Ila si lazima uchague Kiborloni au London. Unaweza kuwa na vyote, kama mkataba umeandikwa vizuri, na hapa ndipo wakala mzuri anapotofautiana na wakala wa kawaida. Naomba nilieleze hili kwa kirefu kwa sababu sijaona mtu akilieleza kwa Kiswahili.

Unapouza kitabu hutoi kitabu. Unatoa haki, na haki zinagawanyika kwa lugha na kwa eneo. Mchapishaji wa Marekani anaweza kununua Kiingereza cha Amerika ya Kaskazini peke yake. Wa Uingereza kwa desturi yao anataka "Uingereza na Jumuiya ya Madola". Mwandishi wa New York akisaini hapo hapotezi kitu. Wewe wa Arusha unapoteza nyumbani kwako, kwa sababu Tanzania, Kenya na Uganda zote ziko ndani ya hiyo Jumuiya ya Madola. Maana yake hakuna mchapishaji wa Dar wala Nairobi anayeruhusiwa kuchapa toleo la Kiingereza la bei ya huku. Kitakachobaki ni kile cha London, pauni 7.99, yaani zaidi ya shilingi elfu 20 kabla hakijapanda ndege. Mwalimu, hao watoto wako sita hawatakiona.

Kwa hiyo kabla ya kusaini na wakala muulize maswali mawili. Je, utazuia haki ya Kiswahili ibaki kwangu? Je, utaomba Afrika Mashariki itolewe kwenye eneo la mkataba, au angalau mchapishaji akubali kumpa leseni mchapishaji wa huku? Akikuelewa haraka, huyo ni wako. Akishangaa kwamba Kiswahili nacho ni soko, mwache.

Na usidhani ni ndoto. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, *Paradise*, imetoka kwa Kiswahili Dar es Salaam kwa Mkuki na Nyota mwaka 2022, kwa jina *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ilisubiri miaka 28, na Nobel ya 2021 katikati. Wewe huwezi kuisubiri Nobel, liandike kwenye mkataba siku ya kwanza.

Mwl wa Kiborloni

Hili la Jumuiya ya Madola sikuwa nalijua. Nimeelewa. La simba nimecheka.

Malenga wa Pasua

Wakuu, mimi vitabu vyangu vyote ni kwa vina na mizani, watoto wanaimba. Nimetafsiri Kiingereza navyo vikiwa na vina vilevile. Mawakala watano kimya. Shida nini?

MamaHadithi

Malenga, vina ndiyo shida. Mawakala wengi wa vitabu vya picha wanaogopa vina kwa sababu wanaletewa vibaya kila siku, na kwa sababu kitabu cha vina ni kigumu kukiuza kwa Kifaransa, Kikorea na kwingineko, na kitabu cha picha kinategemea sana mauzo ya lugha nyingine. Kila mwaka wanakutana Bologna, Italia, kwenye maonyesho ya vitabu vya watoto, na biashara kubwa pale ni haki za tafsiri. Toleo la Kiingereza liandike upya kwa nathari. La Kiswahili liache liimbe, na hilo peleka Dar.

Mdau wa Soweto Moshi

Jamani hebu nisaidieni. Nimepata barua pepe kutoka kwa wakala wa New York, jina lake nikiligoogle lipo kweli, kampuni ipo. Anasema ameona hadithi yangu niliyoiweka Facebook, mchapishaji mkubwa ameshaitaka, ila nilipie dola 450 za uhariri na usajili wa hakimiliki ndipo mkataba utoke. Lugha yake nzuri sana, ananisifia mpaka naona aibu. Nimeshaanza kukusanya.

Chalii wa Kijenge

Usitume hata mia brother!!

MamaHadithi

Usitume. Angalia anwani baada ya alama ya @. Kama jina la wakala ni la kweli lakini barua imetoka Gmail au kwenye tovuti inayofanana jina na ile ya kampuni ikiwa na herufi moja ya ziada, huyo si yeye. Kuiba majina ya mawakala wa kweli ndiyo mtindo wao siku hizi. Ingia tovuti ya kampuni mwenyewe, usibonyeze kiungo chake, uwaandikie kwa anwani iliyoko pale uwaulize. Kisha soma blogu ya Writer Beware, wanawaanika matapeli wa aina hii bure.

Na hata angekuwa wa kweli, mchapishaji "aliyeshaitaka" hadithi hakutozi uhariri. Hakimiliki nayo unayo tangu ulipoandika. Ukitaka kuisajili, COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, wapo, huhitaji mtu wa New York.

Mdau wa Soweto Moshi

Nimeangalia. Ni Gmail. Asanteni sana wakuu, Mungu awabariki.

Dada Tengeru

Swali la hela. Tuseme nimepata wakala wa Marekani na kitabu kimenunuliwa. Hela inafikaje huku, na nabaki na ngapi?

MamaHadithi

Dada, mchapishaji anamlipa wakala, wakala anakata chake, iliyobaki inakuja benki kwako kwa dola. Malipo ya awali hayaji kwa mkupuo: sehemu ukisaini, sehemu ukikabidhi kazi iliyokubaliwa, mara nyingine sehemu kitabu kikitoka. Na kumbuka ni mrabaha uliolipwa mapema. Hupati kingine mpaka mauzo yafidie hizo. Kwenye kitabu cha picha mrabaha mnagawana na mchoraji, mara nyingi nusu kwa nusu.

Kodi ndiyo inayowashtua watu. Utajaza fomu yao ya W-8BEN. Tanzania haina mkataba na Marekani wa kuzuia kodi mara mbili, kwa hiyo wanazuia 30% ya mapato yako ya kule. Tuseme malipo ya awali ni dola 6,000: wakala 900, kodi 1,800, unabaki na 3,300 kabla ya makato ya benki. Tunza karatasi ya kodi waliyokata, utaihitaji ukikaa na TRA.

Chalii wa Kijenge

Mama la mwisho. Natuma kwa mmoja nangoja, au kwa wengi kwa pamoja? Na wakikaa kimya?

MamaHadithi

Kwa wengi, hilo wanalijua na hawachukii, isipokuwa aliyeandika kwamba anataka awe peke yake. Lakini usitume kwa hamsini siku moja. Tuma kwa wachache, tuseme sita. Wote wakikaa kimya, barua ndiyo mbovu, rekebisha ndipo utume kwa wengine. Wakiomba kazi nzima wakaishia hapo, barua ni nzuri ila muswada unalegea mahali. Wengi wanasema wiki 6 hadi 12, na wengi wameandika kabisa kwamba kimya ni hapana. Usiwapigie simu.

Mmoja akikukubali usimjibu ndiyo usiku huo huo. Waandikie wengine wote walio na kazi yako kwamba umepata ofa, wape wiki mbili. Huo ndio utaratibu wao, hakuna atakayekuona una kiburi. Kisha omba kuzungumza na waandishi wawili anaowawakilisha, mmoja awe ambaye kitabu chake hakikuuzika. Huyo ndiye atakayekwambia wakala anakuwaje mambo yakiwa magumu.

Dada Tengeru

Na wakala akihama kampuni?

MamaHadithi

Inategemea mkataba umesaini na yeye au na kampuni, mara nyingi ni kampuni. Vitabu vilivyokwisha kuuzwa kamisheni yake inabaki pale pale vilipouziwa, hata wewe ukiondoka. Vipya unaweza kumfuata au kubaki. Hakikisha kuna kifungu cha kuvunja mkataba kwa notisi, siku 30 au 60, na kisome mwenyewe kabla hujasaini. Kama Kiingereza cha kisheria kinakuchanganya, mpe wakili akusomee, kuna ofisi zao kibao pale karibu na mahakama. Hiyo hela ya wakili ndiyo pekee kwenye safari hii yote ambayo nakushauri uitoe kabla hujapata kitu.

Mchora Katuni Njiro

Mods naomba huu uzi upachikwe juu.